Kwa Matumizi ya Nje Tu

Kama kuna ugonjwa unaowageuza watu wote kuwa madaktari, ni ule unaoonekana kwa macho. Mwenye jino bovu hufunga mdomo. Mwenye figo mbovu huvaa koti. Lakini Stamenka alikuwa na soriasisi, na soriasisi ilimkalia mikononi na viwikoni, mabaka mekundu yenye magamba meupe kama theluji iliyochelewa kuyeyuka. Kila aliyepita sokoni katika mji ule mdogo kando ya mto Timok alijiona ana haki ya kusimama, kutazama, na kutoa ushauri.

"Jaribu mkojo wa asubuhi," mwuza vitunguu alimwambia siku moja.

"Wewe ulishaujaribu?"

"Mimi? Mimi sina magamba!"

"Basi hiyo harufu yako ni ya nini?" Stamenka aliuliza, akachagua vitunguu vyake kwa utulivu, kimoja kimoja.

Ilimwanza akiwa msichana, baada ya homa kali ya koo. Madoa madogo yalimwagika mgongoni kama matone ya mvua. Mengine yakapotea, mengine yakaamua kuhamia kabisa. Wakati huo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha suti, suti nyeusi. Msimamizi alizoea kupita nyuma yake akipuliza magamba yaliyoangukia kitambaa kwa madaha, kama anayepuliza majivu ya sigara, hadi siku moja akamhamishia upande wa mashuka. "Huku hayataonekana," alimwambia, na uso wake uling'aa kwa kujua kwamba ametenda wema. Stamenka alishona mashuka meupe mpaka kiwanda kikafungwa milango, na maisha yake yote hakukutana na wema mwingine ulionuka kama ule.

Ljubisav, fundi wa mabomba, alikutana naye kwenye harusi ya watu. Alikitazama kiwiko chake kilichochungulia kwenye mkono wa gauni, akauliza, "Inauma?" Wengine wote walikuwa wakiuliza, "Inaambukiza?" Kwa swali hilo moja akaolewa.

Dawa za kupaka alizipitia zote, na alizikumbuka kama mwanamke mwingine anavyowakumbuka wachumba wa ujanani: nani aliahidi nini, na nani alikimbia.

Ya kwanza ilikuwa mafuta ya nyegere, aliyopakwa na mama yake. Yalinuka kama pango, yalilainisha ngozi kiasi, na yaliwavuta mbwa wote wa mtaani. Kisha ikaja lami, dawa nyeusi itokanayo na makaa ya mawe. Kwa lami alikuwa na heshima, maana lami haikumdanganya. Ilituliza mwasho, ilipunguza magamba, na kwa malipo yake ilichukua kila shuka, kila nguo ya ndani, na hewa yote ya chumba cha kulala. Ljubisav hakuwahi kulalamika. Alihamia tu kwenye kochi la jikoni, akasema ni kwa sababu ya mgongo.

Baada ya lami ikaja krimu ya steroidi, na huyo ndiye mchumba aliyemvunja moyo. Wiki moja tu, mikono ikawa laini kama ya bi harusi! Alilia kwa furaha juu ya sinki. Daktari alimwambia apake kwa muda mfupi, lakini nani huachana na furaha kwa muda mfupi? Alipaka mwaka huu, akapaka mwaka ule, akapaka mpaka kwenye mikunjo ya viwiko, na ngozi ya hapo ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikachorwa mistari ya zambarau ambayo haikufutika tena. Alipoiacha ghafla, magamba yalirudi na jamaa zao wote.

Baada ya hapo alikata tamaa kwa muda mrefu, na kukata tamaa hakukumpunguzia chochote ila usumbufu. Alipaka mafuta mepesi ya kulainisha, akavaa mikono mirefu, akawafundisha watu wa sokoni kuogopa ulimi wake kuliko ngozi yake.

Angeendelea hivyo hadi mwisho, lau si shemeji yake Budimir.

Budimir alikuwa mdogo wake Ljubisav. Alikuwa amestaafu kazi ya reli katika mji wa Nish, na tangu astaafu alikuwa ameingia dini kama mtu anavyoingia bafuni: kwa kelele, akiimba, akiwazuia wengine wasipite. Aliimba kwenye kwaya ya kanisa. Alijua siku zote za mfungo na alimkumbusha kila mtu. Alikuja mwanzoni mwa vuli pamoja na mkewe Olgica, wakanywa kahawa, wakasifu jamu ya matunda, kisha Budimir akasafisha koo.

"Shemeji, tumezungumza mimi na Olgica. Habari ya slava."

Slava ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, na ukoo wao ulikuwa wa Mtakatifu Nikola, ambaye siku yake huangukia katikati ya mfungo wa Desemba, unaokataza nyama, maziwa na mafuta ya wanyama lakini si samaki. Sikukuu hukaa kwa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo ilikaa kwa Ljubisav, na mkate wake ulikandwa na Stamenka. Mama mkwe hakumwachia dhahabu wala shamba. Alimwachia muhuri wa mkate, kipande cha mti wa peasi chenye msalaba uliochongwa, kilicholainishwa na vidole vya wanawake wasiojulikana tena majina. Siku alipompa, mama mkwe alimshika mikono yake yote miwili, magamba na yote, akasema, "Hii mikono inajua." Basi. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo kubwa kuliko hilo.

"Slava imefanya nini?" Stamenka aliuliza.

"Watu wanasema. Si mimi, shemeji, watu. Mkate ule unakandwa kwa maji aliyoyabariki padri. Maji matakatifu, halafu..." Budimir aliitazama mikono ya Stamenka, kisha akautazama ukuta. "Unaelewa."

"Sielewi. Mtakatifu Nikola amelalamika?"

"Dada yangu," Olgica akaingilia kwa sauti ya asali, "ni kukupumzisha tu. Mimi nitakanda. Tupe tu ule muhuri."

Stamenka alimgeukia mumewe. Ljubisav, mtu ambaye kila neno lake lilitoka kama jino linalong'olewa, aliikoroga kahawa yake isiyo na sukari. Mwishowe akasema, "Kama hadi siku ya Nikola mikono itakuwa safi, atakanda yeye. Kama bado, basi Olgica." Alidhani ameleta amani. Mwanamume akitaka kuukimbia ugomvi nyumbani mwake, huitwa mwenye busara, na Ljubisav aliitwa hivyo jioni ile mara kadhaa, na ndugu yake.

Stamenka hakumsemesha kwa wiki nzima. Kisha akavaa koti, akapanda basi, akaenda kwenye kliniki ya ngozi aliyokuwa ameapa kutoikanyaga tena.

Daktari alikuwa mpya, mwanamke mwenye macho ya uchovu, asiyeahidi kitu. "Haitapona," alisema. "Itatulia. Ukitaka wa kukudanganya, wako wengi huko nje." Stamenka akampenda papo hapo. Akaandikiwa dawa ya tyubu kwa ajili ya mikono, yenye steroidi kali na vitamini D pamoja: kila siku kwa majuma machache, si zaidi. Baada ya hapo ile kali ibaki ya mwisho wa wiki tu, na siku za kazi apake ile yenye vitamini peke yake. "Hiyo ya vitamini ni ya polepole," daktari alisema. "Inawasha kidogo mwanzoni. Hainuki, haichafui, haikondeshi ngozi. Tatizo lake ni moja, haina maajabu, na ninyi wote mnakuja kutafuta maajabu."

"Mimi natafuta muhuri," Stamenka alisema, na daktari akaendelea kuandika.

Kwa viwiko na visigino, palipokuwa na magamba manene kama gome la mti, aliandikiwa mafuta mengine yenye asidi ya kung'oa magamba. Akaonywa asizipake dawa hizo mbili mahali pamoja, maana asidi huiua vitamini. Mafuta hayo yalichanganywa mjini kwao na Bi Zagorka, mfamasia aliyekataa kustaafu. Wengine huchanganya asidi hiyo na vaselini. Bi Zagorka alitumia mafuta ya nguruwe yaliyosafishwa, kama alivyofundishwa ujanani. "Vaselini inakaa juu ya ngozi kama mgeni sebuleni," alisema. "Hii inaingia mpaka jikoni. Ila itunze kwenye friji, isije ikachacha."

Akaijaza dawa hiyo kwenye kikopo cheupe, akabandika karatasi. Sasa, kwa watu wa huku neno ni moja. Mafuta ya nguruwe ya kupaka kwenye mkate huitwa mast, na dawa ya kupaka mwilini huitwa mast vilevile. Bi Zagorka akaandika MAST kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za mtu aliyeishiwa nafasi: kwa matumizi ya nje.

Vuli ikapita. Stamenka alipaka kama alivyoambiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na alilifanya kwa hasira. Magamba yakaanza kuondoka mikononi. Wekundu ukafifia, ukawa waridi. Hapo ndipo Olgica alipotokea tena, peke yake, na kichupa mkobani.

"Dada, achana na kemikali. Hii ni ya watawa. Mitishamba mitupu! Kuna mwanamke kule kwetu alikuwa kama kobe kabisa, siku nne tu, ngozi ya mtoto."

"Siku nne?"

"Nne!"

Stamenka alikifungua, akanusa, akapaka chembe nyuma ya kiganja na kuisugua. Ule ulaini, ule ubaridi wa kupendeza, aliujua. Mtu hamsahau mchumba aliyemvunja moyo, hata akija na kanzu ya mtawa.

"Watawa wa wapi?"

"Wa mlimani."

"Mlima gani?"

"Sasa dada, mlima ni mlima."

"Bibie, mitishamba haifuti soriasisi kwa siku nne. Humu wameficha steroidi, na bila hata kuandika ni kiasi gani. Mpelekee kobe wako umwambie aangalie ngozi yake baada ya mwaka."

Olgica alikirudisha kichupa mkobani kwa vidole viwili. "Unajua shida yako? Hutaki kusaidiwa."

"Shida yangu ni kwamba nimesaidiwa sana."

Lakini alipobaki peke yake hakuwa jasiri hivyo. Siku nne! Kile kichupa kingemsafishia mikono kabla ya sikukuu, na muhuri ungebaki. Aliusogelea mkono wake dirishani, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Ulikuwa umetulia, haukuwa safi. Polepole, daktari alisema. Mtakatifu Nikola hakuwa na habari ya polepole. Tarehe yake ilikuwa ileile.

Usiku wa kuamkia sikukuu Budimir na Olgica walilala pale, kwa kuwa theluji ilikuwa imezidi. Budimir alimtaka Stamenka anyooshe mikono chini ya taa ya jikoni, akaikagua kama mkaguzi wa tiketi. Vidole vilikuwa vizima. Nyuma ya viganja palibaki mabaka mawili ya waridi, bapa, bila gamba hata moja.

"Bado," alisema Budimir.

"Hilo ni kovu la ugonjwa, si ugonjwa!" Stamenka alisema.

"Mimi nasema tu nilichoona. Makubaliano ni makubaliano." Na Olgica akafungua begi na kutoa mkate uliokwisha kuokwa Nish, unaong'aa, umepigwa muhuri wa plastiki alioununua dukani. Aliuleta kwa tahadhari tu, alisema.

Ljubisav aliitazama ile plastiki, akafumba macho, akaenda kulala.

Alfajiri Stamenka alikanda wa kwake. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikanda kwa yale maji ya padri, bila yai, bila maziwa, kwa kuwa ni mfungo. Akasokota unga kuwa ua, akauchonga kuwa ndege, akaubonyeza muhuri wa mti wa peasi katikati. Unga ulimfunika mikono hadi viwikoni, na kwa muda ule mikono yake ilikuwa myeupe sawa na ya mwanamke mwingine yeyote duniani. Akauingiza mkate kwenye tanuri, akatoka kuwapa kuku chakula na kuondoa theluji mlangoni.

Aliporudi, Budimir alikuwa jikoni amesimama, akifuta masharubu.

"Umeamka, shemeji? Nikupe chai?"

"Nimefunga," alisema Budimir kwa unyenyekevu mkubwa. "Mpaka padri aje, hata maji sigusi."

Padri Tihomir alifika na ndevu zenye barafu. Mishumaa ikawashwa. Mezani kulikuwa na samaki, maharage ya kuoka, baklava, keki tamu ya lozi iliyotengenezwa bila siagi, ngano iliyochemshwa, na mikate miwili. Padri akatazama mmoja, akatazama mwingine.

"Mtakatifu ni mmoja," alisema.

"Nitaeleza, Baba," Budimir akaanza, akaweka mkono kifuani. "Kwa masikitiko makubwa. Mkate wa Bwana lazima utoke katika mikono safi..."

Stamenka hakubaki kumsikiliza. Viwiko vilikuwa vimeanza kumvuta kwa baridi ya nje, na alijua maneno ya Budimir yana stesheni nyingi kabla ya kufika mwisho. Alifungua friji, akatoa kikopo chake, akafungua kifuniko.

Nusu ilikuwa imekwenda. Ilichotwa kwa kisu, kwa mtindo wa mtu mwenye njaa, na ukingoni, juu ya weupe wa dawa, kulikuwa na unga mwekundu wa paprika, ile pilipili tamu ambayo watu wa huku huinyunyizia mast ya mkate.

Alisimama hapo. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, polepole, kama maji ya moto kwenye mabomba ya mumewe.

"Shemeji," aliita. "Samahani kukukatiza. Wewe ulikula nini asubuhi?"

"Mimi? Sikula kitu. Nimesema nimefunga."

"Basi ni nani aliyekula mast yangu?"

Olgica akageuka. "Budimir! Mast? Siku ya mfungo?"

"Mast gani?" Budimir alisema, lakini mkono ulikuwa umeshapanda kwenye masharubu, na kwenye masharubu, kwa mwanga wa mshumaa wa slava, palikuwa pamebaki wekundu.

"Hii." Stamenka alikiweka kikopo mezani, mbele ya padri, katikati ya ile mikate miwili. "Dawa ya viwiko vyangu. Na ya visigino. Zaidi visigino."

Sura ya Budimir wakati ule ilikuwa tamu kuliko baklava.

"Imeandikwa MAST!" Budimir alipiga kelele.

"Imeandikwa kwa matumizi ya nje."

"Nilidhani ni ya wageni! Wa nje! Mimi si nimetoka nje ya mji?"

"Ilikuwaje?" padri aliuliza, na sauti yake ilikuwa na kitu ndani alichokuwa akikizuia.

"Ilikuwa... nzuri," Budimir alisema, akaketi. Kisha rangi ikamtoka. "Vipande viwili. Mungu wangu. Nitaota magamba. Tumboni! Olgica, nitaota magamba tumboni!"

Stamenka alimpigia simu Bi Zagorka na kuiweka mezani ili wote wasikie.

"Kiasi gani?" sauti ya mfamasia iliuliza.

"Vipande viwili vya mkate. Na paprika."

"Anywe maji mengi. Tumbo likimsumbua, au masikio yakivuma, aende hospitali. Hatakufa."

"Anauliza kama ataota magamba."

"Mwambie soriasisi haiambukizi. Haiambukizi kwa mkono, haiambukizi kwa mkate, haiambukizi kwa mast. Nimewaambia tangu nikiwa na meno yangu. Subiri. Leo si mfungo?"

"Ni mfungo."

"Basi mpeni padri. Kesi hiyo si ya famasia."

Padri Tihomir aligeukia dirisha, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Ndipo Ljubisav alipoinuka. Aliuchukua mkate wa Olgica kwa mikono miwili, bila ukali wowote, akauweka juu ya kabati, karibu na redio mbovu. Akausogeza ule mwingine, wenye ndege na muhuri wa mti wa peasi, mbele ya padri. Kisha akamwendea mkewe, akamshika mkono, akaugeuza, akatazama lile baka la waridi.

"Inauma?" aliuliza.

"Leo haiumi," Stamenka alisema. Hakuwa amemsamehe bado. Lakini mkono hakuuondoa.

Padri aliukata mkate kwa msalaba, akaumwagia divai, na familia ikaushika na kuuzungusha kama inavyotakiwa, mikono yote pamoja. Mkono wa Budimir uligusana na wa Stamenka. Alikula kipande chake chote. Mtu aliyekwisha kula visigino hana tena cha kuchagua.

Siku ya pili, theluji ilipopungua na wageni wakaondoka na mkate wao ndani ya begi, Stamenka alikwenda famasia. Bi Zagorka alichanganya kikopo kingine, akachukua karatasi, akanyanyua kalamu.

"Safari hii niandike nini? Dawa ya ngozi? Sumu?"

"Andika MAST," Stamenka alisema. "Herufi kubwa. Mwakani watakuja tena."